Upasuaji wa Kwanza na Mimba ya Nne

Mdogo wangu, mtoto wa mama mkubwa, yuko Dar es Salaam na mimba yake ya kwanza imeingia mwezi wa saba. Ana bima nzuri ya kazini, anahudhuria kliniki katika hospitali binafsi, na daktari amemwambia kwamba akitaka kupasuliwa kwa tarehe atakayoipenda mwenyewe, hakuna shida. Akaniandikia: dada, wewe huku ulipasuliwa na huko Uholanzi ukajifungua kwa njia ya kawaida, ipi bora kwangu na kwa mtoto? Nikamjibu kwa swali ambalo mkunga wa Utrecht aliniuliza mimi kabla hata hajanipima presha: unataka watoto wangapi?

Alidhani namkwepa. Lakini mengi tunayoyasoma kuhusu upasuaji na njia ya kawaida yameandikwa na kupimwa katika nchi ambazo mwanamke huzaa mtoto mmoja au wawili basi. Uholanzi wastani uko chini ya mtoto mmoja na nusu. Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 4.8 kwa mwanamke. Anayejua kwamba atazaa mara moja na kufunga ukurasa, akapasuliwa kwa mpango katika hospitali iliyokamilika, hatari yake ni ndogo, na yapo anayoepuka: kuchanika vibaya wakati wa kusukuma, na lile tatizo la mkojo kuponyoka ukicheka au ukipiga chafya ambalo akina mama wengi wanaishi nalo kimya kimya. Anayetaka watoto wanne anafanya hesabu nyingine kabisa.

Kovu la kwanza halitoki kwenye kizazi. Katika mimba zinazofuata, kondo la nyuma linaweza kujipandikiza juu ya kovu hilo na kuzama ndani ya nyama ya kizazi, mtoto akishatoka likakataa kuachia. Damu inayotoka hapo ni nyingi mno, na mara nyingi inabidi kizazi kitolewe ili mama apone. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 uliwaangalia wanawake ambao kondo lao lilikaa chini na kuziba njia. Kwa waliokuwa wanapasuliwa mara ya kwanza, lilikuwa limezama kwa asilimia 3. Mara ya pili, asilimia 11. Mara ya tatu, asilimia 40, na mara ya nne, 61. Hali ya kondo kuziba njia yenyewe si ya kila siku, lakini nayo huongezeka kadiri makovu yanavyoongezeka. Kwa hiyo bei ya upasuaji wa kwanza mara nyingi hailipwi siku ya upasuaji wa kwanza. Inalipwa miaka baadaye, pengine katika hospitali ya wilaya isiyo na damu ya kutosha kwenye jokofu, na anayelipa ni mwanamke ambaye hakuna aliyemwonyesha hesabu hiyo alipokuwa na miaka ishirini na kitu.

Huku Uholanzi mimba isiyo na tatizo ni mali ya mkunga. Amesoma miaka minne, ana ofisi yake mtaani, na mwanamke mwenye afya anaweza kubeba mimba mpaka akajifungua bila kukutana na daktari bingwa. Takribani asilimia 15 ya watoto huzaliwa nyumbani, na hilo linachukuliwa kuwa la kawaida kiasi kwamba ukitaka kuzalia hospitali bila sababu ya kitabibu, bima inakudai uchangie gharama. Mimba ikikaribia kukomaa unatakiwa kitanda chako kiwe kimenyanyuliwa kwa vinyanyulio maalumu, ili mkunga na muuguzi wasiumie migongo. Mama yangu alipokuja kututembelea na kusikia habari hizi alishika kichwa. Yeye ametoka Tanga, amewaona wanawake wakifa kwa sababu hawakufika hospitali, na kwa miaka mingi alisikia redioni wito wa kuacha kuzalia nyumbani. Wito huo umezaa matunda: mwaka 2022 asilimia 81 ya watoto Tanzania walizaliwa katika vituo vya afya. Sasa watu wenye hospitali zote hizi wanazalia chumbani?

Nilimweleza kwamba siri iko barabarani. Mkunga akiona uchungu umesimama, au mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka, gari la wagonjwa linafika haraka na hospitali iko karibu. Sehemu kubwa ya wanaozaa mara ya kwanza, walioanza uchungu mikononi mwa mkunga, huhamishiwa hospitali kabla ya kumaliza, na hakuna anayeona kwamba wameshindwa. Kuzalia nyumbani kunawezekana kwa sababu chumba cha upasuaji kipo tayari dakika chache kutoka hapo. Na pamoja na uwezo wote huo, Waholanzi wanaopasuliwa ni kama mmoja kati ya sita.

Wanafanyaje? Nimejiuliza sana, na jambo ninalolirudia kila ninapozungumza na wenzangu ni hili: mtu wa kukaa na wewe. Katika leba yangu ya huku hapakuwa na saa niliyoachwa peke yangu. Mume wangu alikuwepo, mkunga wa hospitali alikuwepo, nikitaka kutembea natembea, nikitaka kuinama ninainama. Wanasayansi wa mtandao wa utafiti wa Cochrane walikusanya majaribio kutoka nchi nyingi, tajiri na maskini, wakaona kwamba mwanamke mwenye mtu wa kumtia moyo mfululizo tangu uchungu hadi mtoto kutoka ana nafasi kubwa zaidi ya kujifungua kwa njia ya kawaida na ndogo zaidi ya kupasuliwa. Mtu huyo si lazima awe na cheti. Bibi zetu walilijua hilo. Halafu tukajenga wodi za leba ambamo mwanamke anaingia na beseni lake na kanga zake, na dada au shangazi yake anabaki nje getini. Naelewa kwamba vitanda vimebanana na faragha ni ngumu. Bado naamini kwamba pazia na kiti kimoja kando ya kila kitanda vingepunguza visu vingi kuliko semina tunazofanya.

Nisieleweke kwamba natetea njia ya kawaida kwa gharama yoyote. Ningekuwa mkatili. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba, kwa taifa zima, upasuaji ukizidi kama asilimia 10 ya uzazi, vifo vya akina mama na watoto havionekani kupungua zaidi kwa sababu hiyo. Tanzania mwaka 2022 ilikuwa kwenye asilimia 11, na ukisoma haraka unaweza kupiga makofi. Wastani huo unaficha nchi mbili. Kuna nchi ya mdogo wangu, ambako tarehe inachaguliwa. Na kuna nchi ya binti aliyekaa na uchungu siku mbili kijijini, kichwa cha mtoto kimekwama kwenye nyonga, nyama ikabanwa mpaka ikafa. Binti huyo hupoteza mtoto na kubaki na fistula, mkojo ukimtiririka. Wengi wamerudishiwa utu wao katika hospitali ya CCBRT Dar es Salaam, lakini wangepata upasuaji mapema, balaa hilo lisingewafika. Kwake kisu ni haki aliyonyimwa.

Na wapo watu wanaohangaika ili akipate. Tanzania ilianza miaka ya 1960 kuwafundisha madaktari wasaidizi kufanya upasuaji wa uzazi, na ndio waliobeba mzigo huo katika hospitali za wilaya kwa miongo mingi. Vituo vya afya vingi vimejengewa vyumba vya upasuaji katika miaka ya karibuni. Mfumo wa m-mama, ambao mtu anapiga 115 bila malipo na gari kutafutwa, hata la dereva wa kijijini anayelipwa kwa safari, umesambazwa nchi nzima. Utafiti ule wa 2022 ulikadiria vifo vya akina mama 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015-16. Ninapokutana na Mzungu anayezungumza kana kwamba kwetu kila uzazi ni msiba, namtajia namba hizo.

Lakini kisu kile kile hakina uzito ule ule kila mahali. Mwaka 2019 jarida la Lancet Global Health lilichapisha matokeo kutoka hospitali za nchi 22 za Afrika: kati ya akina mama 1,000 waliopasuliwa, zaidi ya watano walifariki, kiasi ambacho ni kama mara 50 ya nchi tajiri. Wengi walifika wakiwa tayari na matatizo, wamechelewa, wanavuja damu. Kuna pia upungufu wa wataalamu wa usingizi na wa damu ya kuongeza. Kwa hiyo mdogo wangu akiniambia kwamba huko Ulaya upasuaji ni salama, anasema kweli, ila hatapasuliwa Ulaya. Aulize hospitali yake: nani ananilaza usingizi, damu ya kundi langu ipo hapa au ndugu watatumwa kuitafuta, na usiku wa Jumapili daktari yuko wapi?

Kwa mtoto nitasema kwa ufupi. Akikaa vibaya, akichoka tumboni, kondo likiziba njia, upasuaji unamwokoa, na hakuna cha kujadili. Akiwa mzima na mama mzima, uchungu una kazi yake: unamsaidia kukausha maji kwenye mapafu. Watoto wanaotolewa kwa kupangwa kabla ya wiki ya 39 hupata shida ya kupumua mara nyingi zaidi, na tarehe inayochaguliwa ili iangukie sikukuu au safari ya baba inaweza kumpeleka mtoto kwenye oksijeni bila sababu. Na kwa mama anayeishi na VVU ambaye dawa zimeshusha virusi vyake vizuri, hali hiyo peke yake haimlazimishi kupasuliwa. Bado nakutana na wanaoamini kinyume.

Nilipobeba mimba ya pili hapa, mkunga aliona kovu langu, akanikabidhi kwa hospitali siku hiyo hiyo. Aliyepasuliwa hashauriwi kuzalia chumbani, hata Uholanzi. Daktari aliniuliza kwa nini nilipasuliwa na kizazi kilikatwa upande gani. Kadi yangu ya nyumbani ilikuwa na herufi mbili tu za kuonyesha upasuaji, tarehe, na uzito wa mtoto. Sababu haikuandikwa. Upande wa mkato haukuandikwa. Ilibidi shangazi aende pale hospitalini kufuatilia faili, na kilichopatikana kilikuwa nusu ukurasa. Mkato wa chini ulioenda kwa upana unamruhusu mama kujaribu njia ya kawaida: takribani watatu kati ya wanne hufaulu, na kizazi hupasuka kwa kama mmoja kati ya 200. Mkato wa kushuka kwa urefu una hatari kubwa zaidi, na hapo hujaribu. Nilijaribu nikiwa nimefungiwa mashine ya kusikiliza moyo wa mtoto tangu mwanzo hadi mwisho, na chumba cha upasuaji ghorofa ile ile.

Ndiyo maana siwalaumu madaktari wa kwetu wanaosema ukipasuliwa mara moja utapasuliwa tena. Katika kituo ambacho mkunga mmoja anaangalia wanawake kumi, hakuna mashine, na daktari anaitwa kwa simu, mmoja kati ya 200 ni mtu unayemjua. Ongezea dawa za mitishamba za kuongeza uchungu ambazo bibi anazitia kwenye chai kwa nia njema: kwenye kizazi chenye kovu zinaweza kuua. Mwenye kovu asiziguse.

Baada ya kuzaa, hata hivyo, kwetu tumewazidi. Waholanzi wana huduma nzuri wanayoiita kraamzorg: mhudumu aliyesomea huja nyumbani kila siku katika siku nane hivi za mwanzo, anapima joto, anakagua mshono, anampima mtoto uzito, anakufundisha kunyonyesha. Halafu anaaga, na mwanamke aliyekatwa tabaka saba za mwili anabaki na ngazi za nyumba yake na mtoto. Sisi tuna arobaini. Tuna mtori na uji wa pilipili manga, na mwanamke mwingine wa kuamka usiku. Ila kukandwa kwa maji ya moto juu ya mshono mbichi kuachwe kabisa. Nimeona mshono uliofunguka. Na mawifi wanaokuja kumwambia aliyepasuliwa kwamba hajui uchungu wa kuzaa waambiwe wakae kimya, au wasiingie.

Mdogo wangu alinijibu kwamba anataka watoto wanne, Mungu akipenda. Nikamwambia basi asubiri uchungu uje wenyewe, aombe mama mkubwa aruhusiwe kukaa naye leba, na daktari akisema lazima apasuliwe, akubali bila kuona haya. Kabla ya kutoka wodini aombe iandikwe kwenye kadi: sababu ya upasuaji, kizazi kilikatwa upande gani, damu kiasi gani ilitoka, na kama mimba ijayo anaweza kujaribu njia ya kawaida. Aipige picha kadi hiyo na kunitumia. Na njia ya uzazi wa mpango aizungumzie pale pale, ili mimba nyingine isiingie mapema kabla kovu halijakomaa.