Nani Aliona?

Kusema ule ukweli, mume wangu hakuwahi kuupenda mchezo wangu. Naongelea windsafingi, ule ubao wenye tanga ambao unasimama juu yake na kukimbizwa na upepo. Yeye kakulia Dodoma, bahari kwake ni mahali pa kupigia picha siku ya Pasaka. Nilipoanza kujifunza pale Msasani alicheka tu. Nilipoanza kupotea kila Jumamosi mchana, kicheko kikaisha. "Mke wa mtu unarudi nyumbani na chumvi kwenye nyusi," aliniambia siku moja.

Kwa hiyo alipokubali kuja kwenye mashindano ya ubingwa, wikiendi moja ya Februari, nilifurahi mno. Alikuja na kiti cha kukunja, chupa ya chai na gazeti, akakaa chini ya mkungu kama mtu aliyepelekwa kwenye msiba wa asiyemjua.

Jumamosi, kati ya mbio moja na nyingine, nilimweleza sheria. Wa kwanza anapata pointi 1, wa pili 2, wa tatu 3, na mwisho wa yote mwenye pointi chache ndiye bingwa. "Huku mwenye kidogo ndiye anashinda?" akashangaa. "Basi kwa mshahara wangu mimi ni bingwa wa taifa."

Nikamwonyesha pia kwamba ubao hauwezi kwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka. Lazima ukate huku, ugeuze, ukate kule, mpaka ufike. Wavuvi wetu wanaita kubisha, neno lilelile la kubishana. "Ndiyo maana unauweza," akasema. Nikamwambia kwenye Olimpiki mchezo huu uliingia mwaka 1984 kule Los Angeles, lakini wanawake tulisubiri hadi Barcelona 1992 kupata mbio zetu. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye gazeti. Angalau alikuwa anasikiliza.

Jumapili mchana kaskazi ilikuwa imekolea, bahari imejaa mapovu meupe. Ilibaki mbio moja. Mimi nilikuwa wa tatu kwa jumla, pointi 1 tu mbele ya binti mmoja kutoka Mombasa. Kikombe cha watu watatu wa kwanza nilikuwa nimeshakitafutia nafasi juu ya kabati la runinga.

Sasa, mbao mbili zikikutana njia panda, ile inayopata upepo upande wake wa kulia ndiyo yenye haki. Inayopata upepo kutoka kushoto inapisha. Karibu na boya la kwanza mimi nilikuwa wa kushoto, na yule binti alikuwa wa kulia. Nilimwona. Nikajiambia nitawahi. Sikuwahi. Ilibidi akate kona ghafla kunikwepa, nusura aanguke. Hakupiga kelele, hakulalamika. Boti ya waamuzi ilikuwa mbali.

Kwenye mbio kama zetu hakuna refa anayekufuata na filimbi. Ukijua umemkosea mwenzako, unatoka pembeni palepale na kugeuza ubao mzunguko mmoja kamili, halafu unaendelea. Nikatoka pembeni, nikazunguka. Wakanipita wanne. Nikamaliza mashindano nikiwa wa tano.

Nilipofika ufukweni nikihema, mume wangu alikuwa amesimama. Gazeti liko chini, limejaa mchanga.

"Sasa mama, mbona ulizunguka vile katikati ya mbio?"

"Nilimkosea mwenzangu."

"Nani aliona?"

"Mimi na yeye tu."

Akaniangalia kwa muda. "Una roho nzuri sana, mke wangu," akasema, akanifuta chumvi usoni kwa kanga.

Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu. Tanga lililokuwa limelala miguuni petu, ambalo nilimwambia nimeazimwa, nilikuwa nimelinunua miezi minane nyuma. Mtumba, laki nane. Na hizo laki nane zilitoka kwenye akaunti yetu ya kiwanja. Yeye alikuwa anapanda daladala na kula mihogo ya kukaanga mchana ili ile akaunti ipande. Nilikuwa najiambia nitazirudisha kabla hajajua.

Ningeweza kunyamaza. Nani aliona? Nikamwambia yote, palepale, kabla hata sijavua jaketi la kuokolea.

Hakufoka. Alikunja kiti, akachukua chupa ya chai, tukarudi nyumbani bila hata redio. Siku nne alilala amenipa mgongo. Siku ya tano akaja na karatasi yenye mistari minane, kila mstari jina la mwezi na laki moja mbele yake. "Huu ndio mzunguko wako," akasema. Nikasaini. Karatasi ikabandikwa ndani ya mlango wa kabati la nguo, na kila mwisho wa mwezi tulikata mstari mmoja kwa pamoja.

Mpenzi msomaji, sikuambii uende ukaungame kila kitu leo usiku. Kila nyumba ina mambo yake. Ila nilijifunza hesabu moja. Mzunguko wa baharini ulinigharimu sekunde chache na nafasi mbili, kwa sababu niliufanya palepale. Ule wa nyumbani niliuchelewesha miezi minane, na ulinigharimu kitu ambacho hakikuandikwa kwenye karatasi. Mpaka leo nikinunua hata sabuni mpya, mume wangu anaitazama kwanza, halafu ananitazama mimi.

Mchezo wenyewe bado haupendi. Lakini mashindano yaliyofuata alikuja tena. Kiti kilekile, chupa ileile ya chai. Gazeti alilisahau nyumbani.