UKIPITA BUKENE, USIWE UMESHIBA

Haya msomaji wangu, wiki hii tunasafiri. Beba kanga ya kujifunika na hela ya chenji, utaona kwa nini.

Juzi nilikuwa nasoma habari za zile meli za starehe, yale maghorofa yanayoelea baharini, watu wanalipa dola kwenda kuangalia maji. Nikadhani watakuwa wanagombana kwa sababu ya mawimbi na kichefuchefu. Wapi! Wanagombania saa ya kula.

Ni hivi. Meli inabeba watu elfu mbili na zaidi, na ukumbi wa chakula hauwezi kuwaingiza wote kwa mpigo. Kwa hiyo wanakula kwa zamu mbili, ya kwanza kama saa kumi na mbili jioni, ya pili kama saa mbili na nusu usiku. Unapangiwa meza na watu usiowajua, na hao hao unakula nao mpaka safari iishe. Wa zamu ya kwanza wanalalamika kwamba wanaharakishwa. Wa zamu ya pili wanalalamika njaa. Siku hizi kampuni nyingine zimechoka kelele, zinaacha kila mtu ale akitaka.

Nikacheka peke yangu. Zamu hizo mimi nimezila, na meli sijawahi kupanda. Nimezila kwenye treni, nikienda Bukene.

Kwa asiyepajua, Bukene ipo wilaya ya Nzega, mkoa wa Tabora, kwenye tawi la reli linalotoka Tabora kwenda Mwanza. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 enzi za Mjerumani, na tawi la Mwanza Mwingereza akalimaliza mwaka 1928. Kabla ya hapo njia za huku zilikuwa za miguu. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea na mizigo toka alfajiri, jua likikaza kabla ya adhuhuri wanapiga kambi, kila kundi na chungu chake, wanapika posho yao. Mwaka 1858 Mzungu Speke alitoka Tabora akapita upande huu wa kaskazini mpaka akaliona ziwa. Historia inamtaja yeye, waliombebea chakula hawatajwi.

Sasa safari yangu. Ilikuwa Desemba 2019, nimetoka tu kumaliza kidato cha nne, natoka Dar kwenda kwa mamdogo. Daraja la tatu, kiti cha kukaa, siku ya pili mgongo umekuwa kama ubao. Jioni mhudumu akapita akitangaza chakula cha usiku. Wengine walikuwa na vifurushi vyao, mikate, mayai, michembe. Mimi ushamba ukanituma: leo na mimi nikakae mezani kama bosi!

Nikaenda behewa la bafe. Limejaa. Mhudumu akaniambia, "Subiri hapo, hawa wakimaliza utaingia." Nikasimama karibu saa nzima nikiangalia watu wanavyotafuna. Aliyeshiba hajui kwamba nyuma yake kuna mtu anahesabu matonge yake, msomaji. Zamu yangu ilipofika ilikuwa karibu saa tatu usiku.

Nikawekwa meza moja na mzee wa kanzu, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, na kijana mfanyabiashara wa mchele. Hatujuani hata kidogo. Wali ulipokuja mzee akasema "Karibuni," kana kwamba pale ni kwake. Treni ikiyumba, mchuzi unahama, tunacheka. Kijana akamshikia mama mtoto ili naye ale. Tulipoanza kunogewa na stori, mhudumu akaja, "Jamani mkimaliza mwapishe wenzenu." Basi, meza ikavunjika. Sijawaona tena mpaka leo, ila sura zao nazikumbuka.

Hata majirani zetu walikuwa na mambo haya. Ile treni ya zamani ya usiku ya Nairobi na Mombasa, kabla treni ya reli mpya haijaanza mwaka 2017, ilikuwa na zamu mbili za chakula cha usiku. Mhudumu alipita koridoni akigonga kimarimba kuwaita watu mezani. Hiyo ndiyo meli ya starehe ya nchi kavu!

Nilipofika Tabora, mabehewa yakiwa yanaachanishwa, ya Kigoma huku na ya Mwanza kule, nikaongezea chai na maandazi mawili. Tumbo ngoma. Bukene tukaingia saa nane usiku.

Hapo ndipo nilipoona zamu ya tatu, ambayo haiandikwi kwenye karatasi yoyote. Saa nane za usiku, stesheni imechangamka kama gulio! Tochi huku, vibatari kule, mabeseni vichwani. "Wali kuku! Mayai! Karanga! Chai ya moto!" Dirisha la behewa ndiyo meza. Mkono unatoa hela, sahani inapanda, na mtu anakula haraka haraka, maana sahani lazima irudi kabla treni haijaondoka. Mamdogo aliniambia sahani zake nyingi zinaishi Mwanza. Zamani alikuwa anafunga chakula kwenye mifuko ya plastiki, lakini ilipopigwa marufuku Juni 2019 akarudi kwenye sahani, na hasara yake.

Nikamkuta amesimama na beseni lake la wali, limefunikwa kanga. Nikamwamkia. Hata hajaitikia vizuri, swali la kwanza, "Umekula mwanangu?"

Nikajibu kwa maringo, "Nimeshiba mamdogo, nimekula bafe."

Akacheka, lakini si sana. Akasema, "Kumbe na wewe ni katika wale."

Sikumwelewa mpaka asubuhi. Kumbe mamdogo hapiki kwa saa ya ukutani. Anamtuma mtoto stesheni kuuliza kama treni imeshatoka Tabora. Ikishatoka ndiyo anabandika wali. Akiwahi, unapoa na mteja wa usiku hataki kiporo. Akichelewa, treni inapita na hela inapita. Treni ikikwama njiani, wali ule ndiyo chakula cha nyumbani siku mbili, na mtaji umekufa. Usiku ule alirudi na karibu nusu beseni. Na katika nusu ile ilikuwemo sahani ya kuku aliyonitengea mimi, paja zima, ambayo angeweza kuiuza. Hakuiuza kwa sababu alijua mwanawe anakuja na njaa. Mwanawe akaja na maringo!

Asubuhi nilikula ile sahani ikiwa ya baridi. Niliimaliza yote, hata mfupa nilitafuna. Yeye akaniangalia tu, kisha akala ukoko. Anayepika ndiye wa zamu ya mwisho, kila mahali.

Sasa reli mpya inakuja. Mkataba wa kipande cha Tabora mpaka Isaka ulisainiwa mwaka 2022. Ni jambo zuri, mgongo wangu ni shahidi, sitaki kurudi kwenye ule ubao. Dar mpaka Dodoma wameanza kufaidi tangu 2024. Ila treni zile vioo vyake havifunguliwi, wala hazisimami watu wakagombania mapaja ya kuku. Swali langu ni dogo tu: beseni la mamdogo litapitia wapi? Mwenye kupanga stesheni mpya angeweka na kibanda cha mama lishe, chenye maji na kivuli, na kodi anayoiweza mtu wa beseni. Na jiko la ndani ya treni linunue mchele kwa wakulima wa huku huku, siyo kila kitu kupakiwa Dar.

Kwa leo ninachoweza kukushauri ni kimoja. Ukisafiri njia ile, bafe kaa unywe chai, piga stori na wenzako wa mezani. Tumbo liachie nafasi ya Bukene. Na sahani urudishe!

Tukutane wiki ijayo.