Inayotegemeka

Wauza bunduki hapa Iowa wana sifa moja wanayoipenda kuliko zote: inategemeka. Iangushe kwenye matope, ilowe mvua, itafyatuka tu. Mimi nilizaliwa Kivu Kusini, na sifa hiyo niliisikia kabla sijajua kusoma. Ndivyo watu wazima walivyoieleza AK-47: haijali matope, haijali umri wa anayeishika. Kwetu, bunduki inayokwama ingekuwa rehema.

Sasa nasoma shahada ya uzamili, utafiti wangu ni wa maeneo oevu, na nusu ya wenzangu wa maabara ni wawindaji. Hakuna mgongano. Tangu 1934, mwindaji wa bata mwitu Marekani hununua stempu ya serikali kuu. Leo ni dola 25, na senti 98 za kila dola huenda kwenye makazi ya ndege. Mwaka huu niliamua kuwinda nami, nikaanza kutafuta bunduki ya marisau, ile wanayoiita shotigani, ya nusu-otomatiki.

Ziko koo mbili kubwa. Ya kwanza hutumia gesi: risasi ikilipuka, sehemu ya gesi hupenya tundu dogo kwenye mtutu, ikasukuma pistoni, ganda likatupwa nje na risasi nyingine ikaingia. Remington 1100 ya mwaka 1963 ni ya ukoo huu. Haiumizi bega sana, lakini masizi huganda kwenye pistoni, na usipoyasugua itakuja kukwama. Ya pili, iliyopata jina kupitia Benelli ya Italia, hutumia lile teke lenyewe la bunduki kubana springi iliyo ndani ya bolti. Haina pistoni ya gesi, vipande vyake ni vichache, na uchafu mwingi huishia mtutuni. Ila inapiga bega kwelikweli, na ukiishika kilegevu inaweza kugoma.

Wenzangu walibishana ipi hukwama mara chache. Mimi nilitaka kujua ipi ningeweza kuifungua yote mezani mbele ya Mama, ninayeishi naye. Nilipomwambia, hakuuliza bei wala ndege. Aliuliza, “Mwanangu, itakuwa inalala wapi?”

Nilichukua ya pili. Jioni ile nilitandaza gazeti, nikazungusha kifuniko cha mbele, nikachomoa mtutu, kisha bolti na springi yake. Mama alisimama mbali, halafu akasogea. Aliuinua mtutu, akachungulia hadi akaona taa upande wa pili. Nikamwonyesha kijiti kinachoziba nafasi ya risasi za ziada, kwa sababu sheria hairuhusu zaidi ya tatu unapowinda bata. Alikishika kijiti kile muda mrefu kuliko kitu kingine chochote.

“Kumbe inaweza kuzuiwa,” akasema.

Kila nikitoka kuwinda naisafisha palepale mezani, naye huhesabu vipande kabla sijavirudisha. Bunduki hulala kwenye kabati la chuma, risasi kwenye sanduku lenye kufuli. Funguo zote anazo yeye. Nikitaka kwenda Jumamosi, namwomba Ijumaa jioni. Hunipa, lakini kwanza huuliza nitarudi saa ngapi.