Mfupa wa Mama Hautafaa

Tanga

Mpwa wangu mpendwa,

 

Juzi usiku mama yako alinipigia simu. Alitaka niongee na madaktari wako wachukue mfupa wa mguu wake kukujengea taya, wauache wa kwako. "Mimi mguu wangu una kazi gani tena?" akaniuliza. Nikamjibu kwamba nitakuandikia wewe kwa kuwa mwenye taya ni wewe, na barua umsomee.

Mjomba, mfupa wake hautafaa, hata kama damu yenu ni kundi moja. Mwaka 1943, Thomas Gibson na Peter Medawar waliandika habari za mwanamke mmoja wa Glasgow aliyeungua vibaya. Alibandikwa vipande vya ngozi yake mwenyewe na vingine vya ndugu yake wa kiume. Vya kwake vilishika. Vya ndugu yake navyo vilianza kushika, kisha vikafa. Na walipombandika ngozi ya ndugu huyohuyo kwa mara ya pili, ilikufa upesi zaidi, maana mwili ulikwisha kumtambua mgeni. Medawar aliendelea na kazi hiyo hadi akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1960. Joseph Murray, daktari aliyehamisha figo kwa mafanikio kule Boston mwaka 1954, alikuwa mpasuaji wa kurekebisha maumbile kama hawa wako, na alifaulu kwa sababu mtoaji na mpokeaji walikuwa pacha wa kufanana. Mama yako si pacha wako. Ukipewa mfupa wake ulio hai utameza dawa za kudhoofisha kinga ya mwili maisha yako yote. Isabelle Dinoire, Mfaransa aliyepandikizwa sehemu ya uso wa marehemu kule Amiens mwaka 2005, alizihitaji dawa hizo hadi alipofariki mwaka 2016. Kwa aliyenyofolewa pua, midomo na kidevu na mbwa, ilikuwa bei ya kulipwa. Wewe una mfupa wa akiba mguuni, ya nini kukopa?

Kuhusu huo uvimbe wa taya sitasema mengi, daktari ameshakueleza. Uvimbe huo, ameloblastoma, hutokana na seli za kutengeneza meno. Kwa kawaida si saratani, ila hula taya polepole, na ukikwanguliwa tu hurudi. Ndiyo maana watakata mpaka kwenye mfupa mzima, sentimita moja au mbili kupita pale ugonjwa unapoishia. Waliokung'oa meno mawili wakidhani ni meno mabovu tuwasamehe. Wengi huanzia huko.

Pengo litakalobaki ndilo kazi yenyewe. Binamu yako anasema chuma kinatosha. Kwa mzee mwenye moyo dhaifu, asiyeweza kuvumilia upasuaji wa saa nyingi, pengine kinatosha. Kwa kijana wa umri wako, mimi nisingekubali. Chuma peke yake huchoka na kuvunjika, au hutoboa ngozi kikachungulia nje, na huwezi kupandikiza jino juu yake. Kipande kikavu cha mfupa wa nyonga nacho kina mpaka wake: hakiji na damu yake, husubiri mishipa ya jirani ikiingie, na pengo likizidi sentimita sita hivi mara nyingi hakifanikiwi. Lako limezidi hapo.

Kwa hiyo watachukua fibula, ule mfupa mwembamba ulio upande wa nje wa mguu chini ya goti. Watautoa pamoja na ateri na vena zake, kama mche unavyohamishwa na udongo wake. Mwaka 1975 Ian Taylor wa Melbourne aliripoti kuuhamisha hivyo kutibu mguu uliovunjika, na mwaka 1989 David Hidalgo wa New York akaonyesha namna ya kuukata vipande na kuupinda ufuate umbo la taya. Vipande hufungwa kwa bamba la titani na skrubu. Kisha daktari huinama kwenye hadubini akaunganisha mishipa hiyo na ya shingo, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Nilikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji miaka mingi, na mpaka leo sijui saa nyingine ambayo watu wote chumbani hunyamaza kama ile ya kuachia vibanio, wakisubiri damu ipite.

Siku mbili tatu za mwanzo usishangae wauguzi wakikuamsha kila saa. Wanaangalia rangi na joto la kipande kilichohamishwa. Kikipauka au kikiwa cha zambarau, mshipa umeziba, na utarudishwa ndani haraka. Utalishwa kwa mpira wa puani, na huenda wakakuwekea tundu la kupumulia shingoni kwa muda. Mwambie mama yako mapema, asije akazimia wodini.

Sasa mguu, maana najua mpira wa miguu ndio unaokukosesha usingizi. Uzito wa mwili hubebwa zaidi na mfupa mnene wa muundi, nao hauguswi. Fibula yenyewe haitolewi yote: huachwa sentimita sita hadi nane juu ya kifundo ili kisilegee, na sehemu ya juu karibu na goti. Utatembea. Hata hivyo, kovu refu litabaki, pengine na kiraka cha ngozi iliyotolewa pajani, na wengine kidole gumba cha mguu hupungukiwa nguvu. Mkato ule wa mguuni huuma mwanzoni, hilo sikufichi.

Waulize mambo mawili kabla ya kutia saini. Je, mishipa ya mguu huo imepimwa? Kuna watu ambao ateri inayoandamana na fibula ndiyo tegemeo la unyayo wote; kwao ikichukuliwa, mguu uko hatarini. Na je, mpango wa meno ya kupandikiza umefikiriwa tangu sasa, au watakuambia baadaye? Usione haya. Daktari mzuri hakasiriki akiulizwa.

La mwisho ni sigara. Najua unavuta, mama yako hajui, na hapa ukimsomea uruke mstari huu. Moshi hubana mishipa midogo, na kazi yote niliyokueleza inaning'inia kwenye mishipa miwili ya upana wa milimita chache. Iache leo, usingoje siku ya kulazwa, na daktari wa usingizi akikuuliza mwambie kweli.

Mjomba wako