Karamu Isiyokuwa na Mchawi

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Laiti ningaliuliza mapema, nisingalimtia bibi yangu simanzi kwa kadi 12 za mwaliko nilizoziandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Mpwa wangu alikuwa akikaribia kutimiza miaka 9. Wazazi wake, wakazi wa mtaa wa Amalemba mjini Kakamega, walinikabidhi jukumu la kuandaa karamu ya siku yake ya kuzaliwa, wakidai kwamba mwanafunzi wa Kiswahili hakosi maneno matamu. Mtoto mwenyewe alikuwa na sharti moja tu. Alikuwa amezama katika vitabu vya J. K. Rowling kuhusu Harry Potter, vilivyoanza kuchapishwa Uingereza mwaka 1997 na kukamilika mwaka 2007 vikiwa 7, naye alitaka karamu inayofanana navyo: kofia ndefu zilizochongoka, majoho, vijiti vya miujiza, vinywaji vya rangi rangi na bundi wa kuleta barua.

Nami, kwa kujitia ujuzi, niliandika kwa Kiswahili sanifu: 'Karibu kwenye Karamu ya Wachawi.' Pembeni nikachora bundi mwenye macho makubwa. Nilijiona nimefasiri barabara.

Jioni ile bibi yetu, ambaye sisi humwita Kukhu, aliomba asomewe kadi. Mpwa wangu alimsomea kwa furaha. Kukhu aliichukua, akamtazama yule bundi kwa muda, kisha akaiweka mezani kifudifudi. "Mjukuu wangu," aliniambia kwa sauti ya chini, "neno hili nimelizuia miaka mingi lisivuke kizingiti changu. Leo mnalibandika mlangoni wenyewe?"

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo katika familia yetu halitajwi. Zamani, kule kijijini, mtoto wa jirani aliugua ghafla akafariki dunia, na minong'ono ikaanza kumzunguka Kukhu, mjane aliyeishi peke yake na aliyejua mitishamba michache. Hakupigwa, wala nyumba yake haikuchomwa. Hata hivyo, kwa muda mrefu watoto wa kijiji walikatazwa kuonja chochote kutoka mkononi mwake. Alipohamia mjini kwa dada yangu, tulisema ni kwa sababu ya uzee. Yeye alijua sababu nyingine.

Msomaji asidhani kwamba Kukhu alikuwa akitishwa na kivuli. Mnamo Mei 2008, watu 11 waliuawa kwa kuchomwa moto huko Kisii wakituhumiwa kuwa wachawi. Mnamo Oktoba 2021, ajuza 4 waliuawa na umati huko Marani, papo hapo Kisii, kwa tuhuma zizo hizo. Habari kama hizi humfikia Kukhu kupitia redio, naye huizima bila ya kusema neno. Kwake, mchawi si mhusika wa hadithi. Ni jina ambalo jirani anaweza kukupa asubuhi, na kufikia jioni ukawa huna kwako.

Usiku ule nililala na kamusi. Neno la Kiingereza nililolifasiri, 'wizard', lina asili yake katika neno lenye maana ya hekima; huyo kwao anaweza kuwa mzee mwenye ndevu na busara. 'Mchawi' wetu hana hekima wala ndevu za kupendeza. Ni mwenye kudhuru, basi. Anayetibu tumempa jina lake, mganga. Anayetabiri ni mpiga ramli. Na anayewachezea watazamaji macho ni mfanya mazingaombwe, mchezo wake ukiitwa pia kiinimacho. Isitoshe, Kiswahili kina neno 'mlozi', ambalo ni ndugu wa damu wa 'mulosi' wa Kiluhya. Yote mawili yanatokana na mzizi mmoja wa Kibantu uliotupa kitenzi 'loga'. Kwa hiyo Kukhu hakuhitaji kamusi. Neno langu sanifu lilimfikia likiwa na maana ile ile aliyoikimbia kijijini.

Bundi naye alikuwa na kesi yake. Katika vitabu vile yeye ni tarishi mpendwa. Kwetu akilia juu ya paa usiku, watu huulizana ni nani aliye mgonjwa. Mzazi gani angepokea mwaliko wenye picha yake na kumtuma mtoto wake kwa moyo mkunjufu?

Je, tuiache karamu? Dada yangu aliona hivyo. Mimi nilikumbuka kwamba fasihi yetu haijawahi kukosa maajabu. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze, aliwageuza ndugu wawili kuwa manyani, na hakuna mzazi niliyemsikia akikiogopa kitabu hicho. Maajabu hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa jina nililoyapa.

Niliandika kadi upya: 'Karamu ya Mazingaombwe.' Mahali pa bundi nikamchora hondohondo, ndege wa msitu wetu wa Kakamega, mwenye mdomo mkubwa unaoweza kubeba hata kifurushi. Kofia tulizitengeneza kwa karatasi ngumu, na majoho kwa leso. Kilichobaki ni vinywaji vinavyobadilika rangi. Nilinunua sokoni kabichi ya zambarau, nikaichemsha na kuyachuja maji yake. Nilijua kwamba ndimu huyageuza kuwa mekundu, lakini nilikosa kitu cha kuyageuza kuwa ya kijani.

"Musherekha je?" aliuliza Kukhu, aliyekuwa akinitazama kimya kutoka jikoni. Musherekha ni magadi ya kienyeji, yanayopatikana kwa kuchuja maji kwenye majivu ya mimea, nayo hutumiwa kulainisha mboga kama vile mrenda na mito. Tulijaribu matone machache. Maji yakageuka kuwa ya kijani mbele ya macho yetu. Kukhu alicheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ya kadi.

Siku ilipowadia, tulimwomba awe yeye mfanya mazingaombwe. Alikataa mara mbili, ya tatu akakubali, ila kofia hakuitaka. Aliketi mbele ya watoto akiwa na gilasi tatu za maji ya zambarau. Moja akaitia ndimu, ya pili musherekha, ya tatu akaiacha ilivyo. Watoto walipiga kelele, "Kukhu, rudia!" Alirudia, kisha akawaeleza jinsi alivyofanya, kwa makini, asiache hata hatua moja. Nadhani nilielewa kwa nini hakutaka kibaki na siri yoyote.

Baadaye aliwamiminia watoto sharubati ya nanasi. Walipanga foleni mbele yake, vikombe mkononi, mmoja baada ya mwingine, wakanywa na kurudi kuomba tena. Dada yangu alinitazama, akageuza uso.

Wanachama wenzangu, darasani hufundishwa kwamba mfasiri huhamisha maana, si maneno. Nililiandika hilo katika mtihani na nikalipata. Lakini kabla ya kadi zile sikuwahi kujiuliza neno ninalolichagua litamwangukia nani.