Gharama ya Kumvika Mkulima wa Kale

Katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu ambao, zifikapo siku zao za mapumziko, huvaa deraya na kushika panga, wakaigiza vita vya wafalme waliokufa zamani. Chama kimoja cha namna hiyo kilianzishwa Berkeley, California, mwaka 1966. Na huko Guédelon, katika Ufaransa, tangu mwaka 1997 mafundi wameshika kazi ya kujenga ngome kwa zana na maarifa ya karne ya kumi na tatu. Mchezo huu una sheria kali. Deraya ambayo pete zake zimekutanishwa ncha kwa ncha tu hupatikana kwa bei ya kadiri. Ile ambayo kila pete imefungwa kwa ribiti, kama walivyofanya mafundi wa kale, huweza kumaliza akiba ya mtu. Kwa hiyo mchezaji mwenye mfuko mwepesi hujifanya mkulima au mpiga mishale, avae kanzu ya kitani, na enzi ya kupanda farasi akawaachia wenye mali.

Katika nyanda za juu za Kigoma hesabu hii imepinduka.

Afikiriwe mwalimu wa Kasulu au Kibondo aliyepewa kazi ya kuwavika wanafunzi thelathini, ili mbele ya wageni waigize baraza la Mwami wa Heru, ambaye makao yake yalikuwa Heru Juu, au baraza la Mwami wa Muhambwe, katika nchi iitwayo leo Kibondo. Fedha aliyopewa ni kidogo. Njia iliyo karibu naye ni sketi za katani, rangi ya chokaa usoni na mikuki ya mbao iliyopakwa rangi ya fedha. Wageni watapiga makofi. Lakini Waha wa kale hawakuvaa sketi za katani, na mtoto aliyevikwa hivyo mara tatu au nne atakua akiamini kwamba babu zake walivaa hivyo. Hapo bei nafuu imelipwa kwa kitu kisichorudishwa dukani.

Basi mwalimu na aamue kufanya kweli. Mkulima wa Buha wa zamani alivaa ngozi, au nguo ya gome la mti wa jamii ya mikuyu, ambao Waganda huuita mutuba. Gome huvuliwa wakati wa mvua. Shina lililobaki uchi hufungwa majani ya migomba lipate kuota gome jingine. Kisha gome la ndani hupondwa kwa nyundo za mti zenye michirizi, hatua kwa hatua, mpaka linatanuka na kulainika, likaanikwa juani na kushika rangi ya udongo mwekundu. Katika Buganda ufundi huu haukufa, na mwaka 2005 UNESCO iliutangaza kuwa miongoni mwa tunu za urithi wa wanadamu. Katika Buha alama yake moja imebaki ng'ambo ya mpaka, katika lugha ya ndugu zao: neno impuzu, ambalo kwa Wanyarwanda ni nguo ya gome, kwa Warundi limekuwa nguo yoyote, hata iliyotoka kiwandani. Jina limehamia kwa mrithi.

Mti upandwao karibu na nyumba haumfuati mwenye nyumba anapohamishwa, na watu wa Buha wamehamishwa zaidi ya mara moja: katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwakusanya wengi kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma. Mwalimu akitaka gome leo, yampasa kuagiza Uganda, na kulipa nauli, na ushuru, na ustadi wa mkono wa mtu asiyemjua.

Chuma nacho ni vivyo hivyo. Mhunzi atamfulia mwalimu mkuki mzuri kwa springi ya gari kuukuu, na umbo lake litakuwa sahihi kabisa. Madini yake ndiyo ya kigeni. Kupata chuma cha kale ni lazima kuyeyusha mawe. Mwaka 1976, kwa majirani wa Buhaya, wazee waliowahi kuifanya kazi hiyo ujanani walijenga tanuri upya pamoja na mtaalamu Peter Schmidt: shimo, matete ya bwawani yaliyochomwa, mirija ya udongo, mivukuto, na makaa kwa wingi. Habari zake zilichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science. Kazi ile haikuwezekana kwa fedha peke yake; iliwezekana kwa sababu wazee walikuwa hai. Na jembe lililokuwa zamani mkononi mwa kila mkulima, tena likatolewa mahari, sasa halipatikani bila safari ya utafiti.

Ngozi ya chui haina haja ya maneno mengi: Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza mtu kuwa nayo bila kibali, na kitambaa chenye madoa si aibu.

Sasa na atazamwe Mwami mwenyewe. Stanley alipopita Uha mwezi wa Novemba 1871, akielekea Ujiji, alitozwa hongo nzito, nayo ililipwa kwa doti za nguo. Na doti moja ni mikono minane. Merikani, iliyopewa jina la nchi ilikofumwa, ilikuwa hazina ya wakubwa. Leo pamba nyeupe isiyo na maua yapatikana katika maduka ya Kasulu kwa bei ambayo kikundi maskini hukimudu. Kwa hiyo mtware aliyepokea hongo aweza kuvikwa kwa ukweli bila taabu, ilhali mkulima aliyesimama nyuma yake kwa gome na jembe ndiye ghali kupita wote barazani.

Mwalimu mwenye busara atachagua mwaka kabla ya kuchagua nguo. Akiandika mlangoni "Uha, 1871", ataweza kuwavika wakubwa merikani pasipo uongo. Fedha itakayobaki ataagizia gome moja, amvike mwanafunzi mmoja, na kuwaacha wengine walishike na kuliuliza. Mhunzi ataalikwa afue mkuki mbele ya watoto, naye aseme wazi kwamba ni springi. Na nyuma ya darasa ipandwe miche michache ya mti ule, ambayo itahitaji miaka kadhaa kabla ya kuvuliwa gome la kwanza.