Albamu Bila MC

Kabla ya albamu ile, biti zangu hazikuwa na majina. Nilizihifadhi kwenye kompyuta kwa jina la MC aliyeziagiza, nikamwekea kwenye flashi, kazi ikaisha. Kule Manzese na Tandale, mitaa ya Dar, hivyo ndivyo tulivyoishi na singeli, muziki wetu wa kasi: DJ anaiachia biti kwenye kigodoro, sherehe ya mtaani ya usiku kucha, MC anashika maiki na kughani mpaka koo linakauka, na biti inazunguka kwa muda wote anaoutaka yeye. Nani angeuliza inaanzia wapi au inaishia wapi?

Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso, Mburahati. Mwaka uliofuata Bamba Pana akatoa Poaa. Prodyuza wa uswahilini, jina lake juu ya kava! Sikuwa na mkataba na mtu yeyote, lakini nilijua nataka nini: albamu ya biti zenyewe, zisimame bila kushikwa mkono.

Kilichonilia muda ni besi. Singeli yangu ilikwenda mapigo 240 kwa dakika, yaani kila pigo lina robo sekunde tu. Ngoma nzito ya kawaida huvuma kwa muda mrefu kuliko huo, kwa hiyo pigo la pili linaliangukia la kwanza kabla halijanyamaza, na mbele ya spika kubwa unasikia ngurumo moja isiyo na umbo. Nilikata mkia wa kila ngoma, nikaifanya kavu na fupi, kisha besi nikaitafutia nafasi katikati ya mapigo. Usiku nilisikiliza kwa sauti ya chini kabisa, maana biti iliyopangwa vizuri hueleweka hata ikinong'ona.

Vinanda nilivichukua kwenye taarabu. Unakata kipande kifupi, unakiongeza spidi, nacho kinapanda juu mpaka kinalia kama filimbi. Wapo waliosema tunaiharibu taarabu. Sikubaliani nao hata leo. Wakubwa zetu wa mchiriku walichukua vinanda vidogo vya Casio wakavipiga pamoja na ngoma za mtaani, na muziki wa Dar ukapata sauti mpya. Sisi tulipokea kutoka mikononi mwao.

Kisha ikaja shughuli ya kumaliza. Biti iliyozoea kuzunguka usiku kucha sasa ilitakiwa iwe na safari yake katika dakika nne. Pale ambapo MC angepaza sauti, niliondoa ngoma zote nikaacha kinanda peke yake. Pale ambapo angewachokoza wachezaji, nilirudisha ngoma kwa kishindo. Nilijikuta naghani kimoyomoyo ninapopanga, na naamini ndiyo sababu nyimbo zile zina pumzi ya mtu ndani yake ingawa hazina maneno.

Wimbo mmoja tu niliuachia sauti. Nilimwita MC niliyeanza naye, nikamwekea biti ambayo hajawahi kuisikia, nikamwambia, "Kaka, ingia popote." Akaingia mapema kuliko nilivyotarajia, juu ya kinanda kitupu, kabla ngoma hazijaanza. Sikumrudisha nyuma. Nilisogeza ngoma zimfuate yeye, na hivyo ndivyo wimbo ulivyoingia kwenye albamu.